Akijibu "Nipo Tu": Namna ya Kuzungumza na Mtu Aliyepoteza Hamu

Swali linalonifikia kuliko mengine yote ni hili: "Ndugu yangu hana homa, halii, hagombani na mtu, ila amekaa tu. Ukimuuliza anasema 'nipo tu'. Nimwambie nini?" Wanaoniuliza ni mabinti wanaowauguza baba zao baada ya kiharusi, wake wa wanaume walioachishwa kazi, mama wa kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi na sasa anaamka saa saba mchana, anakula, anarudi kulala. Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka, na kwa kuwa maswali ni yale yale, nayaweka majibu hapa kwa mpangilio.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanga. Si daktari. Ninayoyasema nimeyapata kwenye mafunzo, kwenye nyumba za watu, na kwa kumuuguza marehemu baba yangu. Baada ya kiharusi baba alikaa barazani kwenye kile kiti kinachoitwa kiti cha uvivu, na mimi nikamhukumu kwa jina la kiti. Mwaka mzima nilimwambia, "Baba, jikaze. Mbona jirani yetu alipatwa kama wewe na sasa anatembea mpaka sokoni?" Hakuwahi kunijibu. Mwaka ule unaniuma hadi leo, na nisingependa mtu mwingine aupoteze kama nilivyoupoteza mimi.

MANENO MACHACHE KABLA YA HATUA

Neno "kutojali" lina lawama ndani yake. Ukimwambia mtu "hujali", umeshamfungulia kesi. Mimi nasema amepoteza hamu, au natumia neno ambalo wagonjwa wenyewe hulitumia: ganzi. Mguu uliokufa ganzi bado ni mguu wako, ila huusikii. Ndivyo wanavyoueleza moyo wao.

Hamu haiamrishwi, kama njaa isivyoamrishwa. Kuna sehemu za ubongo, hasa za mbele na viini vilivyo ndani zaidi, ambazo kazi yake ni kumwanzisha mtu: kumtoa kwenye "ningeweza kufanya" na kumpeleka kwenye "nafanya". Kiharusi kinaweza kuzijeruhi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupoteza hamu kwa namna hii, hata kama mkono na mguu vinaendelea kupata nafuu. Hali hiyo hutokea pia kwa wenye ugonjwa wa Parkinson na kwa wazee wenye maradhi ya usahaulifu. Kwa wenye sonona, ule ugonjwa ambao kwa Kiingereza huitwa depression, kupoteza hamu ni moja ya dalili kuu mbili, ya pili ikiwa huzuni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na sonona asilie hata siku moja.

Kuhusu uvivu nina kipimo rahisi. Mvivu hulikwepa jembe, lakini siku ya Simba na Yanga utamkuta kibanda umiza, kiti cha mbele. Aliyepoteza hamu hata mechi haimnyanyui. Ukiona mtu ameacha mpaka starehe zake mwenyewe, neno uvivu liweke pembeni.

MAHITAJI

Daftari dogo na kalamu. Usitegemee kichwa, maana ukikasirika utakumbuka mabaya tu.

Mtu mmoja wa kuzungumza naye. Mmoja, si kikao. Na asiwe lazima wewe. Angalia nani ana njia kwake: kuna baba hatafungua mdomo kwa mwanawe wala mkwewe, lakini kwa mjukuu, kwa sababu ya ule utani wa babu na mjukuu, atasema neno la kweli. Kuna binti atamwambia shangazi asichoweza kumwambia mama.

Kazi ya mikono mnayoweza kuifanya pamoja bila haraka: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kumenya vitunguu, kuosha pikipiki.

Hasira zako ziwe zimepoa. Kama leo umetoka kugombana naye kwa sababu ya ada au chakula, si leo.

Jua kituo cha afya kilicho karibu, na jua mahali zinapowekwa dawa na sumu zote za nyumbani, za panya na za shambani. Hili nitalirudia kwenye hatua ya sita.

HATUA

1. Tazama kwa wiki mbili, na uandike alichokiacha

Nasema wiki mbili kwa sababu dodoso la sonona linalotumika kwenye vituo vingi lina maswali tisa, na yote huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Swali la kwanza kabisa ni la hamu: ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?

Andika vitendo, usiandike tabia. "Amekuwa mzembe" haimsaidii mtu. "Hajaenda msikitini Ijumaa mbili", "hajawasha redio kusikiliza taarifa ya habari tangu Jumapili", "ameacha nusu ya wali", "anaamka saa tisa usiku na kukaa kitandani", hayo ndiyo ya kuandika. Andika pia dawa anazomeza.

Kisha tenga ukurasa mmoja kwa swali ambalo watu hulisahau: ni kitu gani kilimshtua, hata kwa dakika moja? Baba yangu alikuwa seremala. Katika daftari langu, siku ya tisa, nimeandika: "Mlango wa chumba cha uani umelegea bawaba. Ameuangalia. Baadaye ameuangalia tena." Sikujua wakati ule kwamba nimeandika mstari wenye thamani kuliko yote.

Angalia: usisubiri wiki mbili kama mabadiliko yamekuja ghafla ndani ya siku moja au mbili, hasa kama mdomo umepinda, maneno hayaeleweki, ana homa au amechanganyikiwa. Usisubiri kama hali wala hanywi, au kama amegusia kufa. Usisubiri kwa mama aliyejifungua karibuni ambaye hataki kumshika mtoto. Hao ni wa hospitali leo.

2. Mpeleke akapimwe mwili

Hatua hii watu huiruka, wakakesha wakitafuta maneno mazuri ya kumwambia mtu ambaye kumbe damu imepungua. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kisukari, kifua kikuu, usingizi mbovu wa muda mrefu, vyote vinaweza kumfanya mtu akae tu. Dawa nazo: propranolol ya presha humchosha mtu, haloperidol ya magonjwa ya akili inaweza kumfanya mzito na mkimya, na hata baadhi ya dawa za sonona zenyewe, kama fluoxetine, kwa watu wengine hupunguza huzuni lakini huacha ganzi. Usimwachishe mtu dawa kwa kusoma haya. Zibebe zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba, umwonyeshe daktari.

Pombe na bangi vitaje pia, bila aibu.

3. Chagua saa na mahali

Kukaa ana kwa ana, mmetazamana, humfanya mtu ajione yupo kwa mjumbe. Kaeni ubavu kwa ubavu, macho yakiwa kwenye kazi. Mazungumzo mazuri niliyowahi kuyasikia yalifanyika juu ya ungo wa mchele, mama na binti yake wakitoa chuya, hakuna anayemtazama mwenziwe.

Epuka baraza lenye wapita njia. Epuka muda wa kabla ya chakula. Wengi wenye sonona huwa wazito zaidi asubuhi, kwa hiyo jaribu alasiri. Kwa aliyepata kiharusi au mzee anayesahau ni kinyume: jioni ameshachoka, mfuate saa nne asubuhi. Daftari lako litakuonyesha saa yake ni ipi.

Zima simu. Zima televisheni.

4. Anza na ulichokiona

Heshima ya kawaida isikatike. Kama ni mkubwa wako, shikamoo iwe pale pale, na umwite jina ulilomwita siku zote: baba, mama, kaka, bibi. Watu wakishamwona mtu mgonjwa huanza kumsemesha kama mtoto, na yeye hulisikia hilo kabla ya neno lolote jingine.

Kisha sema jambo moja uliloliona, na useme linavyokugusa wewe. Mifano:

Kwa baba: "Baba, nimeona siku hizi redio huiwashi. Nimezoea kuamka nikiisikia. Nikaona nikuulize hali."

Kwa mdogo wako: "Mdogo wangu, wenzako wa mpira wamekuja mara tatu hukutoka. Sikulaumu. Nataka kujua tu siku zako zinapitaje."

Kwa mume: "Baba Asha, naona hata kahawa ya jioni huiendei tena. Nimekuwa nakuwaza."

Angalia neno "kwa nini". "Kwa nini huendi? Kwa nini huli?" Kwa Kiswahili chetu, swali hilo likitoka kwa mtu wa nyumbani ni shutuma, na shutuma hujibiwa kwa kujitetea au kwa kimya. Tena mara nyingi hana jibu. Ubongo haujamwambia sababu. Badala yake uliza "inakuwaje": "Ukiamka asubuhi inakuwaje?" "Ukifikiria kwenda dukani, inakuwaje mwilini?"

5. Nyamaza

Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano. Utaona ni kazi ngumu kuliko kuuliza. Aliyepoteza hamu hupata jibu polepole, na wengi wetu tunamkatiza jibu likiwa linakuja, kwa swali la pili au kwa ushauri.

Akisema "nipo tu", usimwambie hilo si jibu. Ni jibu. Lirudishe kwake taratibu: "Upo tu. Yaani kama siku zinapita wewe ukiziangalia?" Nimeona watu wakiinua kichwa kwa mara ya kwanza hapo, kwa sababu mtu ameelewa. Asiposema kitu, endelea na mchele. Umeshafungua mlango, na hulazimiki kuingia leo.

6. Uliza kuhusu ganzi, na uulize kuhusu kufa

Swali la kwanza: "Una huzuni, au huhisi kitu kabisa?" Tofauti hii daktari ataihitaji. Mwenye sonona mara nyingi huumizwa na kukosa hamu: hujilaumu, hujiona mzigo, huona kesho haina kitu. Aliyejeruhiwa ubongo pengine haumizwi kabisa, nyumba nzima inalia yeye ametulia. Na wapo wenye yote mawili.

Swali la pili watu huliogopa. Liulize wazi: "Kuna wakati unaona heri usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpunguzia, kwa kuwa alikuwa amelibeba peke yake.

Akisema ndiyo, usimuapishe na usimhubirie. Usimwache peke yake. Toa nyumbani sumu ya panya, dawa za kuulia wadudu wa shambani, na vidonge vya ziada, uvipeleke kwa jirani. Mwende hospitali siku hiyo hiyo. Kenya unaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, kupata mshauri. Tanzania, kwa mtoto au kijana mdogo, 116. Familia nyingine huficha kwa kuogopa polisi. Kumweleza daktari kwamba mtu ana mawazo ya kufa si kosa lolote, mwelezeni.

7. Omba jambo moja dogo

Hapa ndipo pana kiini cha kazi yote, na ndipo nilipochelewa mimi.

Sisi tunangoja hamu irudi ndipo mtu afanye. Kwa aliye na ganzi mambo huenda kinyume: anafanya kwanza, kidogo sana, na hamu, kama itakuja, huja nyuma ya mikono. Ndiyo maana hotuba haisaidii. Hotuba inalenga hamu yenyewe, nayo haipo.

Zimbabwe wana mpango uitwao Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki. Ulianzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, wakiwatumia wanawake watu wazima wa mtaani, mabibi, waliofunzwa kukaa benchini na mtu mwenye kufungisisa, neno la Kishona ambalo sisi tungelitafsiri "mawazo mengi". Utafiti wao wa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa benchini walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Mabibi wale hawamtatulii mtu matatizo yake yote. Wanamsikiliza akiyataja, kisha yeye anachagua moja, na wanatafuta naye hatua moja anayoweza kuitenda kabla hawajaonana tena.

Kwa nyumbani, ombi lako liwe na mambo manne.

Liwe dogo kiasi cha kukushangaza. "Njoo tutembee mpaka kwenye mwembe" na si "anza mazoezi".

Liwe lake. Rudi kwenye ule ukurasa wa vitu vilivyomshtua. Tusianze na kazi inayotufaa sisi.

Liwe na saa, na lishikane na jambo ambalo tayari hutokea: "tukimaliza chai", "ukitoka kuswali alasiri".

Liwe na chaguo la vitu viwili, si "unataka kufanya nini?" Swali pana namna hiyo kwake ni mlima. "Tukae nje kwanza au tukaangalie kuku kwanza?"

Kwa baba ulikuwa ule mlango. Nilileta bisibisi na skrubu za aina mbili kwenye kisahani, nikamwambia, "Baba, hii bawaba inataka skrubu ipi?" Alikaa kimya, nikahesabu, nikazidisha hesabu. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akagusa skrubu ndefu. Hakusema neno. Nikafunga bawaba kwa maelekezo ya kidole chake. Ndilo jambo la kwanza alilolifanya kwa hiari yake katika miezi kumi na tatu.

Angalia: usilifanye wewe ukiona anachelewa. Ukimlisha, ukimvisha, ukimjibia kila salamu, unamalizia hata kile kidogo kilichobaki. Mwanzishie, kisha mwachie amalizie: mvishe mkono mmoja wa shati, wa pili ausukume mwenyewe.

8. Rudi kesho, na usifurahi kupita kiasi

Akifanya, usipige vigelegele. Mtu mzima anayeshangiliwa kwa kutembea hadi kwenye mwembe anajua ameshuka kiasi gani. Sema matokeo: "Mlango sasa haulii." "Kuku wamekula mapema leo." Inatosha.

Rudia jambo lile lile kwa siku kadhaa kabla ya kuongeza. Nyumba nyingi huharibu hapa: Jumatatu ametembea, Jumanne wanamwambia sasa rudi kazini.

Asipofanya, sema "haya, kesho", na umaanishe. Kisha punguza ombi. Kama mwembe ni mbali, mlangoni.

9. Nenda hospitali kwa ajili ya hamu yenyewe

Ikipita wiki mbili hadi nne za kujaribu na bado yuko pale pale, au mapema zaidi kama daftari linaonyesha anashuka, rudini hospitali na safari hii mseme tatizo ni hili. Usiseme "anaumwa umwa tu". Sema: "Tangu mwezi fulani ameacha haya na haya. Usingizi wake ni hivi. Anakula hivi. Tumemuuliza kuhusu kufa, amejibu hivi." Kipande hicho cha daftari humwokolea daktari nusu saa. Idara za afya ya akili zipo kwenye hospitali za rufaa za mikoa, si lazima usafiri mpaka Mirembe, Muhimbili au, kwa wa Nairobi, Mathari. Na kwenda huko hakumaanishi kwamba mtu ni kichaa. Mwambie hivyo kabla ya safari, kwa sababu hilo ndilo linalomtisha.

Akipewa dawa za sonona, jueni kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na kuziacha ghafla kunaleta shida. Wengi huacha siku ya kumi wakisema hazifanyi kazi. Kama tatizo limetokana na kiharusi au usahaulifu wa uzeeni, dawa huenda zisisaidie sana, na kile mnachokifanya nyumbani kwenye hatua ya saba ndicho kinachobeba uzito mkubwa.

MANENO NA VITENDO VINAVYOHARIBU

"Jikaze." Angekuwa na cha kukazia asingekuwa hapo.

"Wenzako wana shida kuliko wewe." Anajua, na ameshajilaumu kwa hilo.

Kumwita mbele ya ukoo. Wazee wanakuja, kila mmoja anasema lake, kijana anajibu "nimeelewa" mara kumi ili kikao kiishe. Baada ya hapo anajifungia zaidi.

Kumpa mtaji. Hili linanisikitisha kila mara, kwa sababu hufanywa kwa upendo. Familia inachanga, inamnunulia bodaboda au inamfungulia duka, na miezi mitatu baadaye bodaboda imeegeshwa, sasa ana deni na aibu juu ya ganzi. "Aoe, atatulia" ni kosa hilo hilo, ila safari hii anaumia na mtoto wa watu. Hayo yote yana wakati wake, baada ya nafuu.

"Amerogwa." Sitabishana na imani ya nyumba yako. Dua na maombi yamewashika watu wengi mkono, na mara nyingi nimeketi nikaitikia amina. Lakini mtu asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula, asiachishwe dawa kwa jina la tiba. Dua na hospitali vinaweza kwenda siku moja.

UKIKWAMA

"Anasema sina tatizo." Usimlazimishe akubali kuwa na tatizo. Mwombe akusaidie wewe: "Mimi ndiye nina wasiwasi. Twende ukapimwe presha, mimi nipate kulala." Wengi hukubali kwenda kwa ajili ya presha.

"Anasema sawa, halafu hafanyi." Ombi ni kubwa, au halina saa, au umemwachia aanze peke yake. Kuanza ndiko kunakomshinda. Simama naye dakika ile, mkabidhi kitu mkononi.

"Amenifokea." Rudi nyuma, mwombe radhi kama ulimsukuma, jaribu baada ya siku mbili. Hasira kwa mtu aliyekuwa hahisi kitu si lazima iwe mbaya. Lakini kama anapiga au anatishia, mazungumzo si kazi yako tena, tafuta msaada.

"Kijana wangu anacheka mwenyewe, anasikia sauti, anaamini watu wanamfuatilia." Hilo ni jambo jingine, hata kama lilianza kwa kujitenga na kukosa hamu. Mpeleke haraka. Kadiri matibabu yanavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa bora kwake.

"Tulikuwa tumefika mbali, sasa amerudi kule kule." Angalia kwanza mwili: malaria, mkojo mchafu kwa mzee, dawa iliyobadilishwa, msiba, usingizi. Kisha anza upya na ombi dogo kabisa, bila kumkumbusha alikuwa amefikia wapi.

"Mimi niko Muscat, yeye yuko nyumbani, na simu hapokei." Usihesabu simu ambazo hakupokea, na usimwambie umehesabu. Mtumie ujumbe wa sauti mfupi usiodai jibu: "Dada, leo nimepika samaki wa nazi nikakumbuka wako. Usijibu, nilitaka tu usikie." Fanya hivyo saa ile ile mara mbili au tatu kwa wiki. Kisha mtafute mtu mmoja aliye karibu naye, umpe mwongozo huu, na pesa ambayo ungempa dada ya mtaji iwe nauli ya kliniki.

"Nimechoka mimi." Umechoka kweli. Kumwamsha mtu asiyeitikia kunachosha kuliko kumuuguza anayelia, maana hupati hata asante. Gawaneni siku: wewe Jumatatu na Alhamisi, mwingine siku nyingine, na siku yako ya kupumzika utoke nje ya ile nyumba. Na kama wewe mwenyewe umeanza kujibu "nipo tu" watu wanapokusalimia, fungua ukurasa mpya kwenye lile daftari, uandike jina lako juu, uanze hatua ya kwanza.